Kofia nyeusi niliyokuwa nalala nayo

Simu iliingia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimebanwa ndani ya mwendokasi pale Magomeni. Ilikuwa ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huko Mbagala, mama mtu mzima ambaye tangu tumwingize kwenye mfumo wetu hakuwahi kupiga bila kuulizia kwanza wa nyumbani. Siku hiyo hakuulizia mtu.

"Mwanangu, hela za watu zimekatwa mara mbili."

"Shikamoo mama. Za watu wangapi?"

"Marahaba. Kumi na moja. Na wote wako hapa uani kwangu."

Mimi ndiye mpimaji wa programu kwenye kampuni yetu, ndogo tu, watu tisa na jiko la pamoja. Kazi yangu ni kuharibu vitu kabla wateja hawajaviharibu. Ijumaa ile nilikuwa nimesaini toleo jipya kwa mbwembwe: majaribio 214, yote yamepita. Niliondoka ofisini mapema nikanunua chipsi kuku.

Ilikuwaje? Mwanachama ananunua hisa zake kwa simu. Jumapili jioni mtandao ulikuwa unasumbua. Mama anabonyeza "Lipa", kiduara kinazunguka, ujumbe hauji. Sasa, jaribio la kubonyeza mara mbili nilikuwa nalo, namba 37: bonyeza "Lipa" mara mbili haraka haraka, mfumo ukate mara moja tu. Lilipita vizuri kabisa. Lakini wale akina mama hawakubonyeza haraka haraka. Walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake hufanya simu ikigoma: walizima, wakawasha, wakaenda kusimama upande wa barabarani ambako mtandao hushika, wakaanza upya. Programu ilipofunguliwa upya ilitunga namba mpya ya muamala. Seva ikaona malipo mawili halali ya mtu mmoja, ikayapokea yote mawili.

Hela tulizirudisha ndani ya siku mbili. Kilichonikaa rohoni ni swali la mwenyekiti wao nilipokwenda kuomba radhi. "Kwani nyie hamjui kuwa mtu hanunui zaidi ya hisa tano kwenye mkutano mmoja?" Sikujua. Developa hakujua. Waraka wa mahitaji, kurasa arobaini na ushee, haukuwa na sentensi hiyo. Wanane kati ya wale kumi na moja walikuwa wamefikisha hisa sita au zaidi, kwa hiyo mfumo unaoijua kanuni hiyo moja ungewazuia wanane bila sisi kuelewa chochote kuhusu mtandao wa Mbagala.

Na sehemu ile ya malipo hatukuiandika upya. Tuliichukua kutoka kwenye mradi wetu wa zamani wa ankara za maji. Kule mtu akilipa mara mbili hakuna kesi, ziada inakaa kwenye akaunti yake ya mwezi ujao. Tulihamisha kodi (namaanisha ile inayoandikwa na developa, siyo ya mwenye nyumba) pamoja na mazoea yake, na hakuna aliyeuliza kama mazoea yale yanafaa nyumba mpya. Wenye roketi za Ariane waliwahi kulipia kosa la ukoo huohuo tarehe 4 Juni 1996: programu iliyofanya kazi bila shida kwenye Ariane 4 ilipachikwa kwenye Ariane 5, ambayo kasi yake ya kwenda upande ilikuwa kubwa zaidi, namba ikakosa kuenea kwenye nafasi ya biti 16, na roketi ikasambaratika angani kabla ya dakika moja kuisha. Sikufarijika kujua hilo. Kumi na moja wangu walikuwa uani kwa mama wa watu.

Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii ndiye aliyeniambia, tukiwa kwenye kahawa, "Tatizo lako wewe unalala na kofia nyeusi." Nikamuuliza kofia gani. Akanieleza kuhusu Edward de Bono, daktari wa Malta aliyeandika mwaka 1985 kuhusu kofia sita za kufikiri. Nyeupe ni taarifa tupu. Nyekundu ni hisia, bila kudaiwa sababu. Nyeusi ni tahadhari, yaani nini kinaweza kuharibika. Njano ni faida. Kijani ni mawazo mapya. Bluu inaongoza kikao chenyewe. Akasema wapimaji wengi tunavaa nyeusi asubuhi mpaka usiku, na mtu anayetafuta ubaya muda wote mwishowe anautafuta palepale alipouzoea. Jaribio langu namba 37, alisema, lilikuwa ubaya niliouzoea.

Nikaipeleka ofisini wiki ileile, na nikaiharibu.

Kwetu kofia ni cheo. Tunasema fulani ana kofia mbili, tukimaanisha ana nyadhifa mbili. Kwa hiyo nilifanya kile Mswahili yeyote angefanya akisikia kofia sita na watu sita: nikagawa. Wewe chukua nyeupe, wewe nyekundu, developa mkuu kaa na njano, mimi kama kawaida nyeusi. Kabla hatujaanza kukazuka mgogoro nisioutarajia. Shabiki wa Simba alikataa katakata kijani, akasema hata kwa mshahara mara mbili. Wa Yanga hakutaka kuisikia nyekundu. Bluu ikachukuliwa na kijana mmoja wa Azam ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alijikuta yuko katikati ya jambo. Tulicheka sana, na hapo ndipo raha ilipoishia. Kila nilichosema, mwenye njano alikuwa na wajibu wa kukipinga. Mimi nikawa mchawi wa kikao. Baada ya nusu saa developa mkuu alifunga kompyuta yake akasema, "Sasa hapa tunapima mfumo au mnanipima mimi?"

Nilirudi kwa yule kaka nimekasirika. Akacheka. "Hukunielewa. Kofia hazigawiwi. Wote mnavaa moja, kwa wakati mmoja. Halafu wote mnaivua." De Bono mwenyewe aliita hivyo, kufikiri sambamba: wote mnatazama upande mmoja kwanza, kisha mnageuka pamoja. Developa naye anavaa nyeusi juu ya kodi yake mwenyewe. Na mimi, Mungu anisaidie, navaa njano.

Mara ya pili tuliacha mambo ya kofia za kweli, nikakata vipande vya manila vya rangi na kubandika kimoja kimoja ukutani. Kipande kilichoko ukutani ndicho kinachoruhusiwa kuzungumzwa. Toleo lililokuwa mbele yetu ni la kugawana, yaani ile siku ya mwisho wa mzunguko kikundi kinapovunja mfuko na kila mtu anaondoka na chake.

Nyeupe ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilidhani tutamaliza kwa dakika tano kwa sababu "tunajua mfumo wetu". Nikauliza swali la kitoto ili kuwachangamsha: mkutano wa kugawana unaanza saa ngapi? Dada wa huduma kwa wateja akajibu, "Saa mbili." Nikaandika ubaoni 2:00. Developa akatazama kompyuta yake, akasema kwenye mfumo ni 8:00. Wote wawili walikuwa sahihi, ni ileile asubuhi. Lakini tukafungua ujumbe wa kukumbusha ambao mfumo ungetuma kwa wanachama wote: "Mkutano wa kugawana ni Jumamosi saa 8:00." Chumba kikanyamaza. Hakuna mama Mbagala atakayesoma "saa 8:00" akafika asubuhi. Atakuja saa nane mchana, na fedha zitakuwa zimeshagawanywa. Ujumbe ule ulikuwa umepita majaribio yangu, maana nilikuwa nimethibitisha kwamba unafika. Kuusoma kama mtu anayetaka kwenda mkutanoni, sikuwahi.

Tukaendelea. Wanachama wangapi wana kitochi, wangapi wana simu janja? Hakuna aliyejua, tukaandika "hatujui" kwa wino mwekundu, na zile "hatujui" zikafika tisa. Ujumbe mmoja una herufi ngapi? Hapa kijana wa Azam alitoa kitu kilichonifanya nimheshimu mpaka leo. Kikundi kimoja kina neno "ng'ara" kwenye jina lake. Mtu aliyelisajili alilinakili kutoka kwenye waraka wa Word, na ile alama ya ng' ikaja imepinda, siyo ile iliyonyooka. Alama iliyopinda haimo kwenye seti ya herufi za kawaida za ujumbe mfupi, ambayo inabeba herufi 160. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia kwenye seti nyingine inayobeba 70 tu, na ukizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wetu wa herufi 150 ulikuwa unalipiwa kama mitatu. Kwa kikundi hicho kimoja tu tulikuwa tunamlipa mtoa huduma mara tatu kwa sababu ya kikoma kilichoinama, na mhasibu wetu alikuwa ameshauliza mara mbili kwa nini bili haikai sawa.

Kisha nyekundu. Sheria yake ni kwamba kila mtu ana nusu dakika, anasema anachohisi, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza "kwa nini". Nilikuwa naidharau kofia hii. Kwenye kazi yetu tunadai ushahidi, picha ya skrini, hatua kwa hatua, na leo watu wazima tuketi tuelezane hisia?

Shida ya kwanza ikawa bosi. Tulianza naye kwa heshima, akasema, "Mimi najisikia vizuri sana na toleo hili." Basi. Waliofuata wote wakajisikia vizuri sana. Ungetegemea nini? Kijana aliyeajiriwa miezi miwili nyuma hawezi kuwa na wasiwasi wakati mkubwa hana wasiwasi. Aliyeongoza kikao siku hiyo alikuwa na ujasiri, akasema turudie, safari hii mdogo aanze na bosi amalizie. Bosi alicheka akakubali. Tangu siku hiyo ndiyo kanuni yetu, na kwa maoni yangu kwa ofisi za kwetu ina maana kuliko rangi zote sita.

Katika mzunguko wa pili dada wa huduma kwa wateja akasema, akitazama chini, "Mimi naogopa tu ile skrini ya kugawana. Sijui. Naiona kama ina ukarimu sana." Nilifungua mdomo nimuulize ukarimu kivipi, nikaonyeshwa kipande chekundu ukutani. Nikafunga mdomo. Nikaandika: skrini ya kugawana, ukarimu.

Mchana ule nikakaa na skrini ile peke yangu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: fedha zote zilizopo, gawanya kwa idadi ya hisa zote, unapata thamani ya hisa moja. Nikachukua takwimu za kikundi kimoja cha majaribio. Mfuko, shilingi 4,386,500. Hisa, 617. Kila hisa inapata 7,109 na senti ambazo hakuna mtu anazo. Kwa kuwa sarafu ndogo inayozunguka mitaani ni ya hamsini, developa alikuwa ameweka mfumo ukadirie kwenye hamsini iliyo karibu, na kwa roho yake nzuri, ili mwanachama asipunjwe, akaamua ipande juu siku zote. Hisa moja ikawa 7,150. Zidisha kwa 617: 4,411,550. Mfumo wetu ulikuwa unagawa shilingi 25,050 ambazo hazimo kwenye sanduku.

Hebu fikiria siku yenyewe. Watu wamekaa kwenye mkeka, wanaitwa mmoja mmoja, simu zinasoma kiasi, mweka hazina anahesabu noti. Watu wa mwisho kwenye orodha wanakuta sanduku halitoshi. Simu zinasema hela ipo, sanduku linasema haipo, na katikati yake amekaa mama mmoja aliyeshika hela za watu mwaka mzima. Nani ataitwa mwizi? Hakuna hata mmoja wao angefikiria kwamba aliyekosea ni kijana mmoja Sinza aliyetaka watu wafurahi.

Majaribio yangu ya hesabu yalikuwa yamepita, yote, kwa sababu nilitumia mfuko wa 1,000,000 na hisa 100. Huo ni uvivu, na hauhitaji kofia kuugundua. Lakini nisingerudi kwenye skrini ile bila dada yule. Nilipomuuliza baadaye, siku nyingine, kwa utani, alijua nini? Akasema hakujua kitu. Alikuwa amepokea simu za watu waliopunjwa kwa miaka mitatu kwenye kazi yake ya zamani, na siku aliyoona skrini ambayo hakuna anayepunjwa hata shilingi, mwili ulimsisimka.

Nyeusi niipite haraka, maana huko ni nyumbani. Niseme tu kwamba tulipoifikia ilikuwa na nyama ya kutafuna. Zamani ningeanza nayo, na ningeorodhesha yaleyale: namba ya siri isiyo sahihi, salio halitoshi, betri imekwisha. Safari hii zile "hatujui" tisa za kwenye nyeupe ziligeuka kuwa hatari tisa, na developa mkuu, akiwa amevaa nyeusi kama sisi wengine, alijitajia mwenyewe sehemu tatu za kodi yake ambazo hazimpi usingizi. Mbili kati ya hizo nisingezijua hata kwa mwaka mzima wa kubonyeza. Mtu uliyemlazimisha kujitetea hawezi kukuonyesha hizo.

Njano ilinitoa jasho. Sikuwa na la kusema. Nilikaa pale nikitazama kipande cha manila kama mtoto aliyeitwa kusoma asichokijua. Aliyetuokoa ni bosi. Akauliza: mfumo huu ukifanya kazi sawasawa, wale wanachama watafurahia nini zaidi? Tukataja mikopo, tukataja kuhifadhi kumbukumbu. Dada wa huduma akasema hapana. Kwenye mikutano ya vikundi vingi salio la mfuko hutangazwa kwa sauti mwishoni, na wanachama hulikariri, ili mkutano ujao lianze kwa kutajwa na wao wenyewe kabla sanduku halijafunguliwa. Wanachopenda kwetu ni ule ujumbe unaomfikia kila mtu baada ya mkutano, wenye salio. Hata asiyejua kusoma husomewa na mwanawe. Mimi ujumbe ule nilikuwa nimeuweka kwenye majaribio ya mwisho mwisho, yale ya "muda ukiruhusu". Tukaupandisha ukawa wa kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba swali la faida linaweza kupanga upya kazi ya mtu anayetafuta kasoro.

Kijani ilizaa mambo mengi ya kijinga na moja la maana, ambalo ni kuacha kupimia ofisini kwenye waifai ya kasi. Tulinunua vitochi vinne vya mkononi na laini za mitandao tofauti, na sasa kabla ya kila toleo mtu mmoja anakwenda nazo Mbagala Jumapili jioni.

Nisije nikaonekana nauza dawa. Kikao kile kilichukua saa mbili na robo, na kwa mabadiliko madogo, kubadili rangi ya kitufe kwa mfano, ni upuuzi mtupu. Kuna mwezi tulifanya kila wiki mpaka watu wakaanza kusema hisia za uongo ili wawahi chakula. Na kuna kasoro zilipita chini ya kofia zote sita. Mfumo ulikuwa unamtambua mtu kwa namba ya simu, na haukujua la kufanya pale mume na mke walipochangia simu moja. Wote tisa ofisini tuna simu zetu. Ungetubadilishia rangi mpaka kesho, bado tungekuwa watu tisa wenye simu zao.

Ndiyo maana kabla ya toleo la kugawana kutoka, nilimwomba yule mweka hazina aje akae nasi. Alikuja na mtandio wake na chupa ya chai ya tangawizi. Nikamweleza mambo ya rangi kwa heshima zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi na kilemba changu kinanitosha. Nyie endeleeni."

Tukaendelea. Alikaa kimya kwenye nyeupe, kimya kwenye nyekundu. Developa akamwonyesha hatua ya kutoa fedha kwa ajili ya kugawana: mweka hazina anafungua programu, anaweka namba yake ya siri, mfuko unafunguka. Alijivunia wepesi wake, hatua mbili tu.

Mama akaishika simu, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimejificha huko.

"Funguo nyingine ziko wapi?"

Hakuna aliyemwelewa. Akaweka simu mezani. Sanduku letu, akasema, lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu, na mimi mweka hazina ninayetunza sanduku sina hata mmoja. Nyie mmenipa sanduku na funguo zote. Mimi nina wajukuu, sitaki hiyo kazi.

Toleo lilichelewa wiki tatu. Sasa mfuko unafunguka kwa namba za siri za watu watatu, na mweka hazina si mmoja wao. Siku tulipomrudishia aione, developa mkuu, ambaye siku hizi huvaa nyeusi bila kuombwa, alimuuliza, "Mama, na kama mwenye ufunguo mmoja amesafiri? Tuweke njia ya dharura?"

"Akisafiri tunasubiri, mwanangu. Mwaka jana mmoja alikwenda msibani Lindi, tulikaa siku tisa."

Nikaandika jaribio namba 263: mwenye ufunguo wa tatu yuko msibani Lindi. Matokeo yanayotarajiwa: mfuko haufunguki, na hakuna anayelalamika.